Mhusika wangu ni mpweke, wasomaji wanasinzia: nifanyeje?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nimetoka Songea, nimepanga chumba Tabata na nauza duka la vitenge Kariakoo. Usiku naandika hadithi fupi, karibu zote za watu wapweke. Ya juzi ni ya mzee mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe. Amekaa chumbani, anatazama dari, anajiuliza maisha yana maana gani, mwisho anajitoa uhai. Niliiweka kwenye grupu letu la simulizi. Mmoja akasema haina tukio. Mwingine akasema haina funzo. Wa tatu akasema upweke ni mambo ya Wazungu, Mswahili hawezi kuwa mpweke kwenye nyumba ya wapangaji kumi. Niliumia, maana mimi mwenyewe ni mpweke kwelikweli. Hadithi zangu tatu za mwisho zote mhusika anajiua, na naogopa nikipata watu wa kunizunguka nitashindwa kuandika. Je, niache mada hii? Na jina la hadithi, 'Upweke', linafaa?"

Marahaba, binti yangu. Umeuliza kama mada ni ya kwetu na kwa nini hadithi haishiki. Chini yake, bila kulitamka, umeuliza kama wewe mwenyewe uko salama. Hilo la mwisho ndilo zito, na kama linakusumbua leo hii, ruka yote haya uanze na aya ya pili kutoka mwisho, mengine utayasoma baadaye. Kuhusu hadithi, jibu fupi ni kwamba mada usiiache. Kinachoiangusha ni dari.

Aliyekwambia upweke ni mambo ya Wazungu hajasoma vya kwetu. Sayyid Abdalla bin Nasir wa Pate, katika visiwa vya Lamu, alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, na utenzi huo ni mtu anayezungumza na moyo wake mwenyewe. Anauuliza utadanganywa na dunia hadi lini, kisha anautembeza katika majumba ya matajiri wa Pate waliokwisha kufa. Kumbi zilizokuwa zikiwaka taa sasa zinalia ngende, yaani nyenje. Anauliza wako wapi, na hakuna sauti ya pili ya kumjibu. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi ambalo wengi wetu tulikutana nalo shuleni. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alituletea Kazimoto katika riwaya ya Kichwamaji mwaka 1974. Ni kijana msomi aliyezungukwa na wazazi, marafiki na mapenzi, na bado kila anapofungua mdomo anazidi kuwa mbali na anayeongea naye. Huyo hakuazimwa kutoka Ulaya. Ana shida za kijana wa hapa, na lugha anayozisema ni yetu.

Hoja ya wapangaji kumi inahesabu vichwa tu. Kama vichwa vingetosha, Dar kusingekuwa na mpweke hata mmoja, maana Sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wewe unajua kuliko mimi. Mtu anagawana umeme wa LUKU na wenzake, anapanga foleni ya choo alfajiri, anasikia ugomvi wa chumba cha pili kwa kuwa ukuta haukufika kwenye bati, na mwaka unapita bila mtu kumuuliza mama yake anaitwa nani. Upweke ni pengo kati ya uhusiano alio nao mtu na ule anaouhitaji, ndiyo maana unaweza kumkuta mpweke ndani ya basi la mwendokasi la saa kumi na mbili jioni, amebanwa kila upande. Na kama mwenzako wa grupu anapenda takwimu, mpe hii. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaguswa na upweke, na kwamba katika nchi za kipato cha chini walioripoti kuwa wapweke walikuwa kama asilimia 24, ilhali nchi tajiri ni kama asilimia 11. Mambo ya Wazungu, kumbe walio matajiri ndio wenye nafuu.

Kuna jambo moja la kisayansi ambalo mwandishi akilijua linamsaidia kuliko vitabu kumi vya mbinu. John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeutafiti upweke kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2018, aliueleza kama njaa: mwili unakupa ishara kwamba kuna kitu unakihitaji ili uishi. Tatizo ni kwamba upweke ukidumu, ishara hiyo inageuka. Mtu anaanza kujilinda. Macho yake yanatafuta dharau mahali ambapo haipo. Jirani hakuitikia salamu kwa kuwa alikuwa na spika masikioni, yeye anaona amepuuzwa. Ujumbe wa simu umeandikwa "sawa" basi, yeye anausoma mara tano akitafuta hasira ndani yake. Kwa hiyo anajivuta nyuma, na watu wakiona anajivuta wanamwachia nafasi, naye anachukua nafasi hiyo kuwa ndio ushahidi. Ukiitazama kwa jicho la mwandishi, hiyo tayari ni hadithi. Kuna mtu anayetaka kitu, kuna anachokifanya ili akipate, na kile anachokifanya ndicho kinachomkosesha.

Sasa turudi kwa mzee wako. Aliyesema hadithi haina tukio alikuwa mkavu, lakini alisema kweli. Mtu aliyekaa peke yake chumbani hapingwi na chochote. Anaweza kuwaza maneno mazito kurasa kumi na msomaji asihisi kitu, kwa sababu anaambiwa tu. Upweke unaanza kuonekana pale mtu anapojaribu kumfikia mwenzake, akamkosa kwa inchi moja.

Soma hadithi ya Anton Chekhov, mwandishi wa Urusi, ya mwaka 1886 kuhusu dereva wa gari la farasi mjini St. Petersburg. Chekhov alikuwa na miaka 26 ilipochapishwa, mdogo wako kwa mwaka mmoja. Iona, dereva huyo, amefiwa na mwanawe wiki hiyo hiyo. Theluji inamwangukia, na jioni hiyo yote anatafuta mtu wa kumweleza. Anamwambia abiria wa kwanza, mwanajeshi, ambaye anauliza swali moja kisha anafumba macho. Anajaribu kwa vijana watatu wa starehe, nao wanamtukana na kumhimiza aende haraka. Anajaribu kwa bawabu, kisha kwa dereva mwenzake, ambaye anajifunika blanketi na kulala. Mwisho anaenda bandani na kumweleza farasi wake. Hesabu Iona anakuwa peke yake muda gani. Ni mfupi mno. Karibu wakati wote yuko na watu, na ndiyo maana inauma.

Mzee wako unaweza kumtoa chumbani vivyo hivyo, na Dar itakusaidia. Tuseme alikuwa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Anajua stesheni zote hadi Kapiri Mposhi kule Zambia kwa mpangilio wake, na hakuna anayemuuliza. Mkewe amekufa, arobaini imepita, turubai limefunguliwa na waliokuja wamerudi kwenye shughuli zao. Siku moja anapita mtaa wa jirani anakuta msiba wa watu asiowajua. Viti vya plastiki vimepangwa mpaka barabarani. Anaketi kupumzika mguu tu. Mtu anampa mkono: "Pole mzee wangu." Anaitikia. Analetewa chai. Ubwabwa unakuja, ananawa na kula sinia moja na wanaume wenzake, na mmoja anamsogezea kipande cha nyama bila kusema kitu, kama mtu anavyomfanyia baba yake. Unajua misiba yetu: chini ya turubai hakuna anayekuuliza umetokea wapi. Basi mzee anaanza kuitafuta. Akisikia tangazo la msiba Buguruni, anavaa kanzu anakwenda. Akiona gari limefungwa kitambaa chekundu, anauliza wanazika wapi. Hapo bado ni kichekesho chenye huzuni, na ukikiacha hapo umeshapata hadithi nzuri kiasi.

Lakini kuna kijana wa daftari la rambirambi. "Mzee wetu, tukuandike nani? Na marehemu mlijuana wapi?" Swali la kawaida kabisa, na limebeba hadithi nzima. Mzee hawezi kunyamaza, watu wanasubiri, kalamu iko juu ya karatasi. Anasema: "Kazini. Relini." Kijana anaandika. Mjane aliyekaa mkekani ndani amesikia neno hilo kupitia dirishani, na anatuma mtu amwite. Kumbe marehemu kweli aliwahi kufanya kazi reli ujanani, na maisha yake yote hakumsimulia mkewe lolote la huko. Anataka kujua mume wake alikuwaje wakati ule. Sasa mzee wako, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tangu astaafu, amekalishwa mbele ya mtu mmoja anayemsikiliza kwa moyo wote, na kila atakachosema ni uongo kuhusu marehemu na ni kweli kuhusu yeye mwenyewe. Aseme au asiseme? Mimi ningemfanya aanze kutaja stesheni. Ukiitaka, ichukue, na ukiwa na yako ni bora zaidi, maana wewe ndiye uliyekaa na mzee huyo usiku wote huo. Angalia tu kwamba neno upweke halijatajwa popote, na wala hajajiuliza maana ya maisha.

Nije kwa mwenye kudai funzo. Huyu nina huruma naye, kwa sababu sisi walimu ndio tuliomfundisha hivyo. Darasani hadithi inachanwa kuwa dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa na msimamo, na mwanafunzi asiyepata ujumbe anapoteza alama. Tena desturi hiyo ina mizizi mirefu kuliko mtihani. Ngano zetu zilisimuliwa kwa watu waliokaa pamoja. Msimulizi anasema "Paukwa!", wasikilizaji wanajibu "Pakawa!", na hadithi inaanza ikiwa tayari ina jamii ndani yake. Funzo la mwisho lilikuwa njia ya kuwafungisha watu wote mahali pamoja kabla hawajaenda kulala. Hadithi fupi ya kuandikwa ina msomaji mmoja, yuko kitandani, ameshika simu, hakuna wa kumwitikia. Frank O'Connor, mwandishi wa Ireland, alidai mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwamba riwaya inaweza kutegemea jamii lakini hadithi fupi kwa asili yake huwaelekea watu wa pembezoni, waliopotelea kando ya jamii, na kwamba kuutambua upweke wa binadamu ndiyo alama yake kubwa. Nadhani alizidisha, alikuwa akiwatazama Warusi, Waairishi na Wamarekani, na hadithi fupi nyingi nzuri za Kiswahili zimejaa watu wanaocheka. Lakini kuhusu nafasi alikuwa sahihi. Kurasa nane hazitoshi kujenga kijiji. Zinatosha kumwonyesha mtu mmoja siku moja mlango ulipofunguka kidogo.

Na maana? Msomaji wako akisema "haina funzo", mara nyingine anachokililia ni maana, ila hana neno lingine la kuiombea. Tofauti ni kwamba funzo unaweza kulikata ukalisema peke yake bila hadithi, lakini maana ukiitoa kwenye tukio inakufa. Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, ana hadithi fupi ya mwaka 1933 ya mgahawa mmoja wa usiku nchini Hispania. Mzee kiziwi anakunywa peke yake, amechelewa, naye wiki iliyopita alijaribu kujiua. Mhudumu kijana anataka kufunga aende kwa mkewe. Mhudumu mwenye umri mkubwa hana haraka, kwa sababu anajua kuna watu wanaohitaji mahali safi penye taa usiku kama ule. Hadithi haitoi jibu lolote kuhusu maisha, tena mhudumu huyo mkubwa mwenyewe anaona kila kitu ni bure. Ila ametamani kuacha taa ikiwaka kwa ajili ya mtu asiyemjua. Mzee wako akijiuliza "maisha yana maana gani?", msomaji anapita. Akiwa na chakula cha watu wawili kwenye sufuria kwa sababu mkono umezoea, msomaji atajiuliza swali hilo mwenyewe.

Mwisho wa hadithi sasa. Ukiandika upweke una njia kadhaa, na kila moja ina gharama. Kumuua mhusika ndiyo rahisi kuliko zote. Waandishi wengi wapya huikimbilia wakidhani kifo kitaipa hadithi uzito ambao kurasa za mwanzo hazikuupata. Kwa kawaida kinamwondolea mwandishi kazi tu. Tena kinamwambia msomaji aliye katika hali hiyo hiyo kwamba mlango ni huo mmoja, jambo ambalo si kweli. Kumpatia mchumba au jirani mwema ukurasa wa mwisho kunapendeza kwenye grupu, lakini msomaji makini anahisi amehongwa. Kuuacha wazi ni vizuri endapo kuna kitu kimebadilika, hata kama ni kidogo kama mtu kutaja jina lake kwa mara ya kwanza. Usiuache wazi kwa sababu umechoka, inaonekana. Nikupe na ukweli wa soko: wasomaji wa simulizi za simu wanapenda mapenzi, usaliti na "itaendelea sehemu ya 12". Hadithi ya mzee kwenye matanga itasomwa na wachache. Sina dawa ya hilo, amua tu kabla hujaandika unamwandikia nani, usiwaulize wasomaji wa simu kwa nini hawakupenda kitu ambacho hukuwaandikia.

Hofu yako ya kwamba ukipata watu utashindwa kuandika, wengi wanayo, na haina msingi. Kuandika kunahitaji faragha, saa moja au mbili za mlango uliofungwa. Upweke ni kitu kingine, na unakula kile kile anachokihitaji mwandishi: unaharibu usingizi, unavuruga umakini, na kama nilivyoeleza juu, unakufanya uwasome watu vibaya. Mwandishi anayewasoma watu vibaya anaandika wahusika wanaofanana wote. Chekhov alikuwa daktari, kutwa nzima akiona wagonjwa. Wewe una Kariakoo. Wateja wanaobishania bei ya kitenge, yule anayekuja kila wiki kupapasa doti moja bila kununua, hao ni hadithi zako, kama bado una nguvu ya kuwasikiliza jioni. Tafuta watu wawili watatu wanaoandika mkutane ana kwa ana, si kwenye grupu pekee. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ni umbali wa kutembea kutoka Kariakoo, na utawakuta huko watu wengine waliotoroka vyumba vyao. Salamu ya kwanza itakuwa ngumu. Itoe hivyo hivyo.

Na sasa lile ambalo hukulitamka. Hadithi tatu mfululizo mhusika anajiua. Inawezekana ni mazoea ya kisanaa, na inawezekana ni wewe unayejaribu kusema kitu. Nakuuliza waziwazi, kama ningekuuliza ukiwa mbele yangu: je, unawaza kujitoa uhai? Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani, kwa hiyo siogopi kuuliza. Kama jibu ni ndiyo, au hata "sijui", usibaki peke yako leo usiku. Mwamshe mpangaji mwenzako, mpigie ndugu yako Songea, mwambie kwa maneno hayo hayo bila kuyapamba, na nenda hospitali. Kwako Tabata, Amana iko karibu. Temeke, Mwananyamala na Muhimbili pia wanapokea, na ikiwa ni usiku nenda kitengo cha dharura useme umekuja kwa sababu unawaza kufa. Hutakuwa wa kwanza kuwaambia hivyo. Kama hali haijafika huko, lakini kwa zaidi ya wiki 2 huna usingizi au unalala kupita kiasi, chakula hakipiti, kazi inakushinda na hata kuandika hakukupi raha, huo tena si upweke wa kawaida. Inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Sheikh au padri anaweza kukusindikiza vizuri sana, lakini asiwe mbadala wa daktari. Mimi pia siwezi kuwa huyo. Najua hadithi, sijui kukupima kupitia barua.

Limebaki jina. "Upweke" halifai, kwa sababu linamtajia msomaji ugonjwa kabla hajamwona mgonjwa. Ukiichukua ile ya msibani, iite kwa swali la kijana wa daftari, au kwa jina la stesheni ya kwanza ambayo mzee ataitaja kwa mjane. Mimi ningechagua stesheni. Mlimba si mbaya.